Ungeutuza Wimbo Gani?

(Maneno niliyoyasema mbele ya wauguzi, washauri nasaha, walimu na wasanii mjini Tanga, katika kuadhimisha Siku ya Afya ya Akili Duniani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mashehe na wachungaji mliofika, wauguzi wenzangu, na ninyi vijana wa ngoma na wa brashi mlioketi huko nyuma kana kwamba shughuli hii haiwahusu: hamjambo? Sogeeni mbele. Leo nimewajia ninyi hasa.

Nimepewa dakika arobaini. Nyingi nitazitumia kwa mama mmoja tu. Simtaji jina wala kijiji, na baadhi ya mambo yake nimeyageuza asije akajulikana. Lakini lile alilonifundisha sikuligusa.

Aliletwa na kaka yake asubuhi ya mvua. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa mwisho, mtoto wa kunyonya, na msiba ulikuwa na miezi minne. Hali, halali, haogi mpaka aogeshwe. Daktari akaandika sonona kali, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, dawa zikaanza, nami nikapangiwa upande wa ushauri nasaha. Nilikuwa na miaka sita kazini, na maswali yote ya chuoni niliyajua kwa moyo. Tulikaa vikao vitano, kila kimoja dakika arobaini na tano. Neno nililolipata ni moja: "Nimechoka." Kikao cha tatu hata hilo hakulisema.

Kwenye faili nikaandika: "Mgonjwa hatoi ushirikiano."

Mstari ule naujutia mpaka leo. Mtu amezika mtoto. Ameketishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mgeni mwenye kalamu, anaulizwa anajisikiaje. Anakosa la kusema, nami namwandikia kosa.

Sasa, kibarazani pale wodini alikuwapo bibi mmoja aliyekwisha kupata nafuu, akingoja ndugu zake waje kumchukua. Mchana alikuwa akisuka ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka, na pembeni yake msichana mmoja mgonjwa akijifunza. Siku moja mama yule alikuwa anapitishwa kwenda kuoga. Akasimama. Akaiangalia mikono ya yule msichana kwa muda mrefu, kisha akaketi bila kuambiwa. Akauchukua ukili, akaufumua kama shibiri mbili, akaanza kuusuka upya. Akasema: "Umelegeza. Mkeka wa ukili huu utafumuka kabla haujalaliwa."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho tangu aingie.

Alisuka siku nne. Siku ya tano akaanza kuimba kwa mdomo uliofumbwa, na mimi wimbo ule niliujua, kwa kuwa ni bembezi ambayo yeyote aliyelelewa pwani hii amelazwa nayo. Nilikwenda nikaketi karibu yake bila kalamu. Nikachukua miyaa, nikawa nasuka vibaya. Baada ya kitambo nikamwuliza, "Mama, wimbo huo alikuwa akiupenda?" Mikono yake haikusimama. Akasema, "Alikuwa halali bila huo."

Ushauri nasaha ulianza hapo. Yote niliyofundishwa yakapata pa kushika. Tulizungumza habari za siku ile ya homa, alipokwenda gulioni akidhani mtoto ana joto la meno tu. Tulizungumza habari za mawifi na yale waliyoyasema msibani. Tulizungumza jinsi anavyoamka saa nane za usiku na kusikia mtoto analia. Tulikwenda wiki tisa namna hiyo, na dawa hakuacha.

Naomba mshike vizuri nisemalo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wema wanapotelezea. Ukili haukumponya yule mama. Bembezi haikumponya. Ningemwacha aimbe tu, angeuzungusha msiba wake mchana kutwa, mzunguko usio na mwisho. Kilichokuwa kinamla ni hatia, na hatia ile ilitibiwa kwa mazungumzo, kidogo kidogo, kwa kulirudia lile gulio mara nyingi mpaka likawa gulio tu. Lakini mazungumzo hayo yasingekuwapo kama mikono na wimbo havingetangulia.

Kwa nini mikono? Nimelifikiria sana. Swali la uso kwa uso lina ukali wake, hata likiulizwa kwa upole. Macho hayana pa kwenda. Sisi tumelelewa tusimkazie macho mtu mzima, halafu hospitali inamketisha mtu mzima mbele ya kijana wa diploma na kumtaka afunue moyo wake. Mwenye kazi mkononi ana pa kuyaweka macho. Akinyamaza hakuna anayeona kwamba amenyamaza, maana anasuka. Akitaka kusema anasema kwa upande, kama watu wanavyosema wakichambua mchele. Mnaokaa na mama zenu jikoni mnajua kwamba habari nzito za ukoo hazisemwi sebuleni.

Na mwili nao una sehemu yake. Anayeimba anarefusha pumzi ya kutoka, apende asipende, kwa sababu ubeti ndivyo ulivyotungwa. Pumzi ya kutoka ikirefuka, moyo hupunguza mbio, na mtu aliyekaa na hofu kwa wiki nyingi anapata dakika chache za mwili kutulia. Mchoro nao una njia yake. Anayechora anapata kitu cha tatu kati yake na mshauri. Hasemi "mimi nilifanywa hivi". Anasema "huyu hapa kwenye karatasi, amejificha nyuma ya mlango". Aibu inakaa kwenye karatasi kwa muda, na huo muda ndio tunaouhitaji. Wenye kiwewe hasa, yaliyowapata mara nyingi hayakai kichwani kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Yanakaa kama picha, harufu na sauti. Ukimwomba hadithi hana. Ukimpa karatasi na makaa, anazo picha.

Nimesema haya kama mambo mapya, lakini pwani inayajua. Nani hapa hajakwenda kwenye taarab? Mwanamke ameketi, amejipamba, ametulia. Mwimbaji anafika kwenye ubeti fulani, na huyo mwanamke anainuka na noti yake, anakwenda kutuza taratibu, mkono juu, ukumbi mzima unamwona. Hakufungua mdomo, lakini amekwisha kusema. Wanaomjua wamejua ni kwa nani na kwa nini ubeti ule na si mwingine. Kanga nazo hivyo hivyo: jina la kanga humfikia jirani kabla mvaaji hajafika. Sisi ni watu wenye adabu nzito ya kutosema, na ndiyo maana tulijitengenezea njia nyingi za kusema.

Basi nikaanza kuuliza swali hili kliniki, na nawapeni mlitumie: "Kama uko ukumbini, ungeutuza wimbo gani?" Alikuja kijana wa bodaboda, mwenye kulewa kupita kiasi, aliyesukumwa na mke wake. Kila nililomwuliza, jibu ni "Niko poa, mama." Nilipomwuliza la kutuza alicheka kwanza. Kisha akatoa simu, akatafuta, akaniwekea wimbo wa kwaya. Kwaya! Nilitegemea singeli. Ulikuwa wimbo ulioimbwa kwenye mazishi ya baba yake, ambayo yeye hakuyawahi kwa sababu pikipiki iliharibika njiani. Tuliusikiliza mpaka mwisho. Sikusema kitu, naye hakusema kwamba yuko poa.

Kuna jambo jingine la pwani hii nataka kulitaja kwa heshima, nikijua mbele yangu wako mashehe na wachungaji. Wazee wanakumbuka kupunga pepo. Simwiti mtu huko. Nimewaona wagonjwa waliocheleweshwa huko mpaka wakaharibika, na waliofungwa minyororo uani mwa waganga, na hilo silifichi. Lakini tazameni lilivyopangwa lile jambo. Ngoma inapigwa, nyimbo zinaimbwa, mwanamke anacheza mpaka pepo apande kichwani. Hapo ngoma inapungua. Mganga anauliza: "Nani wewe? Umetoka wapi? Unataka nini?" Na kwa kinywa cha yule mwanamke yanatoka madai: mume hamjali, kafunguliwa milango ya ndugu wa mume na kufungiwa ya kwao, hajanunuliwa nguo tangu Idi ya juzi. Mume yuko pale, wakwe wako pale, wanasikia, na wanalazimika kujibu.

Waliokuwa wakitazama kwa mbali waliona ngoma tu. Mimi naona kikao. Ngoma ilikuwa na maswali ndani yake, na mtu wa kuuliza, na watu wa kuahidi. Hata neno tunalolitumia washauri nasaha leo, mteja, lilitumika zamani kwa mgonjwa aliye mikononi mwa mganga. Mtafiti mmoja wa Marekani, John Janzen, alizifuatilia ngoma za tiba kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam, hadi Eswatini na Cape Town, akachapisha utafiti wake mwaka 1992. Alikuta neno hilo moja, ngoma, likisimama kwa chombo, kwa wimbo na mchezo wake, na kwa tiba yenyewe. Babu zetu hawakuvitenganisha. Tulivitenga sisi, tukapeleka maneno hospitali na ngoma kwenye sherehe za kumpokea mgeni rasmi.

Sasa nawapeleka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa sababu huko vimeunganishwa upya, na kwa sehemu kwa Kiswahili hiki hiki.

Mnaijua Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wanawake waliobakwa katika vita vya Kivu wanatibiwa pale miili yao. Lakini mwili ukishonwa, mtu anabaki na usiku wake. Tangu katikati ya miaka ya 2010, kwa kushirikiana na shirika la Kanada liitwalo Make Music Matter, ilijengwa studio ya muziki kama sehemu ya tiba. Mpango wenyewe unaitwa Healing in Harmony. Sikilizeni unavyofanya kazi, wauguzi wenzangu, maana hapa ndipo penye funzo. Kundi la wanawake linakaa na watu wawili kwa pamoja: mtaalamu wa saikolojia na prodyuza wa muziki. Hawapishani zamu. Wote wawili wamo chumbani wakati maneno ya wimbo yanatafutwa. Mmoja anasikiliza sauti na mdundo. Mwingine anasikiliza ni nini kinatajwa, nani ameinamisha kichwa ubeti ulipofika kwenye njia ya kuni, nani anahitaji kutolewa nje apumue. Wanawake wale hawaitwi wagonjwa wala wahanga. Wanaitwa wasanii. Wimbo unarekodiwa, na wakikubali unapelekwa redioni na kuimbwa mbele ya watu wao.

Fikirini redio hiyo. Mwanamke aliyefukuzwa na ukoo wa mume kwa jambo alilotendewa, kijiji kinamsikia akiimba, na kijiji kinaimba naye bila kujua kwanza ni nani. Utafiti uliofanyiwa wanawake wa eneo la mashambani huko Kivu Kusini na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha wasiwasi, sonona na dalili za kiwewe vikipungua baada ya mpango huo, na nafuu ikidumu miezi iliyofuata. Mimi nikiusoma, jambo ninalorudi kwalo ni viti viwili vile chumbani. Ondoa kimoja, kinabaki kikundi cha kwaya. Ondoa cha pili, kinabaki chumba changu cha kiti cha plastiki na kalamu.

Rwanda nako, kule Huye, Odile Gakire Katese alianzisha mwaka 2004 kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, ngoma mpya. Kwa desturi ya huko mwanamke hakuwa akizigusa ngoma zile. Waliojiunga wametoka pande zote za mauaji ya kimbari ya mwaka 1994: wajane, mayatima, na jamaa za waliofungwa kwa kuua. Kundi hilo halikuanzishwa kama kliniki na sitalipa jina hilo. Nalitaja kwa ajili ya wasanii walioketi humu wanaodhani kazi yao ni kuburudisha tu.

Lakini tusidanganyane, kwa sababu kitu kizuri kinaharibiwa na sifa za uongo. Wafini, katika mji wa Jyväskylä, waliwachukua watu 79 wenye sonona. Wote walipewa tiba ya kawaida, dawa na mazungumzo, na baadhi wakaongezewa vikao 20 vya muziki. Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kugonga, ikiwamo djembe, ngoma ya Afrika Magharibi. Mgonjwa na mtabibu wanapiga, kisha wanazungumza juu ya kilichotoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: baada ya miezi mitatu walioongezewa muziki walikuwa wamepata nafuu zaidi. Baada ya miezi sita tofauti ile ilikuwa imefifia. Mwaka 2017 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba kwa pamoja, yalikusanya tafiti 9 zenye watu 421, yakaona vivyo hivyo kwamba muziki ukiongezwa juu ya tiba ya kawaida unapunguza sonona kwa kipindi kifupi kuliko tiba ya kawaida peke yake. Ukiongezwa, ndugu zangu. Waliouza dawa zao za asubuhi ili wanunue gitaa hawamo kwenye tafiti hizo.

Na Waingereza walijaribu tiba ya sanaa ya vikundi kwa watu 417 wenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili ambao mara nyingi humfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, wakatoa majibu mwaka 2012: hawakuona faida juu ya tiba ya kawaida, na mahudhurio yalikuwa hafifu. Kuna wanaoficha utafiti huo. Mimi nauweka mezani, kwa kuwa unaniambia kwamba kumpangia mtu Jumanne ya kuchora, apende asipende, si tiba. Yule mama wa ukili hakupangiwa na mtu. Aliona kazi anayoijua inaharibiwa, akaketi.

Mpaka hapa nisingependa mnione kama mtu asiyekosea. Kijana wa kidato cha tatu alinichorea nyumba, akaipaka yote nyekundu, madirisha, paa, hadi mti wa pembeni. Mimi, nimetoka kwenye semina ya siku mbili, nikamwambia: "Naona kuna hasira kubwa nyumbani." Alikunja karatasi akaiweka mfukoni, na wiki mbili hakuchora. Shangazi yake ndiye aliyeniambia baadaye: kwenye kopo krayoni iliyokuwa imebaki ni nyekundu peke yake. Toka hapo simwambii mtu mchoro wake una maana gani. Namwuliza, "Nieleze hapa." Akisema "hiyo ni nyumba tu", ni nyumba tu.

Ngoma pia. Tulimkaribisha mpigaji mmoja hodari wodini, wagonjwa wakafurahi, isipokuwa mwanamume mmoja anayesikia sauti. Alitoka nje ameziba masikio. Akaniambia sauti zake zimeingia ndani ya ngoma na sasa zina miguu. Nilikuwa sijamwuliza mtu kabla. Mwenye ugonjwa mkali uliochachamaa, mwache apoe kwanza, dawa zishike, na hata akipoa muulize. Wimbo mtamu kwako huenda ndio uliokuwa ukipigwa kwa jirani usiku aliovamiwa.

Na kuna jambo lililonitoa machozi katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi. Ulikuja ugeni wa wafadhili. Michoro ya wagonjwa ikabandikwa ukumbini, na majina chini yake, ili ugeni uone kazi inafanyika. Mmoja wa waliochora alikuwa binti aliyechora aliyotendewa na mtu wa nyumbani kwao. Miongoni mwa waliopita kutazama alikuwapo jirani yao. Hakuna aliyemwuliza yule binti. Mchoro wa kikao ni sawa na neno la kikao. Hautoki bila ruhusa ya mwenyewe, iwe ukutani, iwe kwenye simu yako, iwe kwenye kundi la WhatsApp la kazini hata kama umeficha jina.

Mtaniuliza fedha. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vipande vya hadbodi na rangi ya kupaka baiskeli. Udongo upo mtoni, makaa yapo jikoni, ndoo ya plastiki ikigeuzwa chini ni ngoma. Vifaa havijawahi kuwa shida. Shida ni saa za mtu anayejua kusikiliza. Wataalamu waliosomea tiba ya muziki au ya sanaa kwetu ni wachache mno. Moshi wanafundishwa watoa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mgonjwa kwa kumrudisha kwenye kazi za kila siku, nao ndio walio karibu zaidi na kazi hii, na hospitali nyingi bado hazina hata mmoja.

Zimbabwe walilikabili tatizo hilo kwa njia ninayoipenda. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Wagonjwa wao walikuja na neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ndugu wa haya tunayoyaita mawazo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba benchi lile linapunguza sonona. Mbinu hiyo imefika hadi Zanzibar. Lakini kuna sehemu yake haisemwi sana: vikao vya benchi vikiisha, mtu anaingia kwenye kundi la wenzake, wanakaa duara, wanafuma mikoba kwa plastiki zilizokwishatumika, na huku wanazungumza. Bibi wale hawakuhitaji kusoma jarida lolote kujua kwamba watu wakifuma pamoja watasema.

Kwa hiyo, vijana wa nyuma ambao bado hamjasogea: tunawahitaji, lakini msije peke yenu. Msije na spika na mabango kwa siku moja ya Oktoba, mkafungua watu vifua halafu mkapanda basi. Aliyefunguliwa na wimbo wako saa nane mchana, saa mbili usiku yuko peke yake na kilichofunguka. Njoo ukae na mshauri nasaha, mpange, na ujue ni nani atakuwapo kesho yake. Nanyi washauri, msiwakaribishe wasanii kama mapambo. Muulizeni mpiga ngoma alichokiona, maana anamwona anayepoteza mdundo kabla yenu. Mashehe, wachungaji, mnazo kaswida na kwaya ambazo sisi hatutazipata kamwe. Mtu akilia mfululizo kwenye mazoezi Jumapili tatu, mtume kwetu, na tutamrudisha kwenye mazoezi.

Kwa viongozi wa hospitali ombi langu ni chumba. Kiwe na mlango unaofungika na dirisha, kisiwe stoo wala njia ya kupitia kwenda maabara. Na ratiba ya muuguzi iandike saa mbili za kazi hiyo kwa wiki kama inavyoandika dozi, ili asionekane anacheza.

Kwa sasa hatuna chumba, tuko kibarazani palepale. Tunakaa Alhamisi saa nne asubuhi. Yule msichana aliyelegeza ukili ndiye anayewafundisha wengine siku hizi, na anafumua za watu bila huruma. Miyaa inatuishia haraka. Mwenye kuweza kutuletea tafadhali ailete ikiwa imeanikwa na kuchanwa, kwa sababu mbichi ikikauka husinyaa na ukili unalegea, na yule msichana akiuona atawafumulisha wote.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.